Mwali Asiyegusa Ukuta

Treni ya Antwerp kwenda Mol haina haraka. Inapita Lier, inapita Herentals, na kila kituo inasimama kama jirani anayepita kusalimia nyumba kwa nyumba. Nje, nchi imelala tambarare kama mkeka: misonobari, mfereji ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi, kisha mahindi. Mahindi mengi, marefu, yaliyoshiba maji. Baadaye niliambiwa kwamba karibu yote ni ya ng'ombe. Yanakatwakatwa mabua na magunzi pamoja, yanavundikwa, yanangoja majira ya baridi. Mimi niliyelelewa kwa mahindi ya kuchoma kando ya barabara ya Kisarawe, nilizipokea habari hizo kama taarifa ya msiba.

Nilikuwa namtumia dada yangu ujumbe wa sauti kuhusu mahindi hayo pale mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alipoinua uso.

"Dada, Kiswahili hii inatoka wapi?"

"Dar es Salaam, baba."

"Ndiyo maana. Ya kwenu iko ya kitabu." Akacheka. "Mi natoka Likasi."

Likasi ya Katanga. Alikuja Ubelgiji kijana, sasa ni muuguzi Geel, mji ulio kituo kimoja kabla ya Mol. Akanisimulia jambo la Geel ambalo sikulitarajia: tangu zama za kati familia za mji ule huwapokea watu wenye maradhi ya akili, wakala nao, wakalala nao, wakazeeka nao nyumbani. Hawawaiti wagonjwa. Wanawaita wageni wa kula na kulala. Wengine hukaa miaka 40 nyumba moja, mpaka wanarithiwa na watoto wa mwenye nyumba. Nikasema kwetu mtu wa namna hiyo hufichwa chumba cha nyuma au huachwa azurure sokoni. Mzee akanitazama, akasema hata huku si kila mji. Ni Geel tu.

Treni ikasimama Olen. Hakushuka mtu, hakupanda mtu. Mzee akagonga kioo kwa kidole.

"Unaona hapa? Mawe ya kwetu njo ilifikaka hapa."

Mawe aliyoyasema ni ya Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi. Kampuni ya Union Minière ilianza kuchimba pale miaka ya 1920, ikitafuta radiamu, na kiwanda cha kuisafisha kikawekwa Olen. Urani iliyotoka pamoja nayo haikuwa na thamani kubwa wakati ule. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa amehamishia zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo kwenye ghala moja la New York, na Wamarekani walipoanza kutengeneza bomu, wakakuta shehena imeshafika mlangoni kwao. Baada ya vita, Ubelgiji ilipata malipo na, zaidi ya malipo, ikafunguliwa mlango wa elimu ya nyuklia. Mwaka 1952 ikaanzisha kituo chake cha utafiti. Kikawekwa Mol, kwenye mchanga na misonobari, mwendo mfupi kutoka Olen.

Huko ndiko nilikokuwa nakwenda. Babu wa mzee yule alifanya kazi Union Minière. Aliposhuka Geel aliniambia niwasalimie wale wa Mol, niwaambie deni bado liko. Alisema kwa mzaha. Nadhani kwa mzaha.

Mol ni mji wa maziwa ambayo Mungu hakuyachimba. Ardhi yake ina mchanga mweupe kama chumvi, safi kiasi kwamba viwanda vya vioo viliufuata, na walipomaliza kuchota wakaacha mashimo. Maji yakajaa, watu wakaweka fukwe, watoto wakaanza kuogelea. Jioni ya kwanza nilikula kwenye kibanda cha chipsi. Mwenye kibanda alitaka nionje mchuzi wao wa nyama, mweusi, mzito, ulioiva saa nyingi. Nikauliza umepikwa na nini. "Bia," akasema kwa fahari, kama mtu wa Tanga anavyosema nazi. Nikamshukuru, nikachukua chipsi na samaki. Chipsi zao hukaangwa mara mbili: mara ya kwanza ziive, mara ya pili ziwe kavu nje. Wanaokaanga chipsi mayai Kariakoo wangezitazama kwa heshima, ingawa wangeshangaa kwa nini mayai yameachwa nje.

Asubuhi nikapokelewa kwenye kituo hicho cha utafiti, SCK CEN, na mwanamama wa makamo, Mflemi, mwanafizikia. Alikuwa amevaa viatu vya baiskeli na hakuvibadilisha siku nzima. Nilikuja kuuliza kuhusu mradi unaoitwa MYRRHA, jina linalosomeka kama manemane, ingawa limeundwa tu kwa herufi za mwanzo za maneno. Kwa kifupi, wanataka kuunganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida hukaa mbalimbali: kinu cha nyuklia na kichapuzi cha chembe, yaani mtambo unaochukua protoni na kuzichapua mwendo mpaka zinakaribia kasi ya mwanga.

Kinu cha kawaida hujilisha chenyewe. Atomu ikipasuka hutoa nyutroni, nyutroni hupasua atomu nyingine, na moto hauzimiki mpaka uzimwe. Hiki cha Mol kitafanywa kiwe na njaa kwa makusudi: kila kizazi cha nyutroni 100 kitazaa takriban 95. Kikiachwa peke yake kitazimika mara moja. Kinachokifanya kiendelee ni mwali wa protoni unaoshuka kutoka juu na kupiga mchanganyiko wa risasi na bismathi ulioyeyuka, ukizivunja atomu zake zitoe nyutroni za nyongeza. Ukikata mwali, kinu kimelala. Usalama wake uko hapo, na wataalamu wanatarajia kitumike kuchoma taka za nyuklia zinazodumu muda mrefu kuliko zote.

Sasa, neno mwali.

Sikumtafsiria mwenyeji wangu siku ile, lakini lilinisumbua kichwani tangu aliponionyesha mchoro wa kwanza. Kwetu mwali ni mshale wa mwanga, na mwali vilevile ni binti aliyevunja ungo akawekwa ndani. Bibi yangu ni Mzaramo. Yeye aliwekwa ndani kweli, zama ambazo mwali alikaa misimu, haonwi na wanaume, hafanyi kazi za nje, mpaka siku anayotolewa kwa ngoma, amepakwa mafuta, amebebwa mabegani. Nilipoelezwa mashaka ya watu wa Mol, kila nililosikia nililisikia kwa sauti ya bibi. Huyu wa kwao naye amefichwa nyuma ya kuta nene za zege. Naye ana masharti. Na sharti la kwanza ni kwamba asiguse ukuta.

Nikauliza kwa nini. Mwanamama akachukua karatasi.

Mwali utakuwa na mkondo wa miliampia nne, kiasi kidogo hata taa ya mezani inautazama kwa dharau. Lakini kila protoni itakuwa imechapuliwa kwa volti milioni 600, na kasi yake itafika kilomita 237,000 kwa sekunde. Ukizidisha unapata megawati 2.4, umeme wa kuchemsha birika 1,200 za jikoni kwa pamoja, zote zimekusanywa kwenye uzi mwembamba kuliko kidole. Ukikosea njia kwa muda mfupi mno, unatoboa chuma. Hilo kila mtu analielewa, na zipo sumaku na mitambo ya tahadhari kwa ajili yake. Linalowakosesha usingizi ni dogo zaidi.

"Sijali sana zile zilizo katikati," alisema. "Najali zile za pembeni."

Protoni zote zina chaji ya aina moja, kwa hiyo hazipendani. Mwanzoni, zinapotolewa kwenye gesi ya hidrojeni kwa volti 30,000, mwendo wao ni kilomita 2,400 kwa sekunde, ambao kwao ni kutambaa. Hapo ndipo zinasukumana vibaya zaidi. Nikamwambia kuhusu abiria wa kivuko cha Kigamboni lango linapofunguliwa: hakuna aliyeamua kumkanyaga mwenzake, lakini kila mmoja anamsukuma wa mbele, na wale wa kando wanajikuta wamebanwa kwenye chuma. Alipenda mfano ule. Akaongeza jambo ambalo Kigamboni halipo: zikienda mbio zaidi, kusukumana kunapungua, kwa sababu mikondo ya umeme inayokwenda upande mmoja huvutana kwa nguvu ya sumaku, na mvuto huo hufuta sehemu kubwa ya uhasama wao. Mwendo ndio unaozipatanisha. Kwa hiyo mita za mwanzo ni ngumu kuliko mita mia za mwisho, nao wamezijaribu kwanza, huko Louvain-la-Neuve, kabla ya kujenga kitu kingine. Kuna mashine ya shaba ya urefu wa takriban mita nne ambayo kazi yake ni kuupokea msongamano ule na kuugawa mafungu, mafungu milioni 176 kila sekunde, kila fungu protoni milioni 140 hivi. Fimbo zake nne zimechongwa mawimbimawimbi. Umbo la mawimbi yale ndilo linalosukuma na kubana kwa pamoja.

Fungu lisipoingia sehemu inayofuata na umbo linalotakiwa, huanza kupumua: linanenepa, linakonda, linanenepa tena. Protoni chache zinazokwenda sambamba na pumzi hiyo hupata msukumo kidogo kila mara, kama mtoto kwenye bembea, mpaka zinatoka nje ya mwili na kuuzunguka kama ukungu. Ukungu huo ndio adui. Wajenzi wa vichapuzi vikubwa wana kanuni moja: kinachopotea ukutani kisizidi wati moja kwa kila mita. Kwenye mwali wa wati milioni 2.4, hiyo ni chini ya protoni moja katika kila milioni mbili, kila mita. Zikizidi hapo hazivunji kitu. Zinafanya bomba lenyewe lianze kutoa mionzi, na fundi hawezi tena kuingia na spana mkononi kukaza boliti. Mtambo unabaki mzima lakini hauguswi.

Ugumu ni kwamba kompyuta inapaswa kumfuatilia mmoja kati ya milioni mbili. Ukiiga protoni 100,000 kwenye programu, huenda usimwone kabisa mkosaji unayemtafuta. Nilimwuliza inawezekanaje kubuni kitu kwa kuogopa wale usiowaona. Alinyanyua mabega. Wanaongeza nafasi, alisema. Wanaacha bomba pana kuliko inavyohitajika, wanapanga sumaku ili mabadiliko yawe ya polepole, kisha wanaharibu mchoro wao wenyewe maelfu ya mara: sumaku hii imepinda kidogo, ile imechelewa kidogo, tuone.

Mpaka hapo, Mol haina tofauti kubwa na mitambo mingine niliyosoma habari zake. Uswisi, kule Villigen, kipo kichapuzi cha duara kilichoanza mwaka 1974 ambacho siku hizi hutoa megawati 1.4. Lund, Uswidi, wamejenga kikubwa zaidi, kilichobuniwa kwa megawati tano, ingawa mwali wake huja kwa mapigo 14 kila sekunde. Hapa Mol mwali hautakiwi kuwa mkubwa kupita wote. Unatakiwa usikatike.

Mitambo mingine ya namna hii hukatika mara kadhaa kwa siku. Cheche imeruka mahali, kihisi kimeshtuka, mwali umezimwa, umewashwa tena, na mtafiti hata chai haijapoa. Mol hawana anasa hiyo. Mwali ukizima, moto wa kinu unashuka papo hapo, na vyuma vilivyokuwa vimetanuka vinasinyaa ghafla. Kila mwanamke aliyewahi kumwagia maji baridi chungu kilichotoka jikoni anajua sauti inayofuata. Kwa hiyo wamejiwekea sharti: katika miezi mitatu ya kazi, mikatiko inayozidi sekunde tatu isizidi kumi.

Nilicheka, na ikabidi nieleze. Nilimwambia natoka mahali ambapo umeme ukikatika tunahesabu kwa saa, na tumezoea kiasi kwamba friji huitwa kabati. Mtoto wa mjini anajua kuandika kazi ya shule kwa tochi ya simu. Sekunde tatu kwetu si kukatika. Ni taa kupepesa macho. Alinisikiliza kwa makini, bila huruma ile ya kinafiki, kisha akauliza swali la fundi: mkijua umeme utakatika, mnapanga nini? Nikajibu: jenereta, betri, sola, mkaa, jirani.

"Ndivyo," akasema. "Na sisi tunapanga jirani."

Hapo ndipo aliponikamata kabisa. Mwanzo wa mtambo utakuwa na vianzio viwili vinavyofanana. Kimoja kikifanya kazi, cha pili kinakaa tayari, kimewashwa, kinasubiri zamu. Lakini sehemu ndefu inayofuata haiwezi kujengwa mara mbili. Sehemu hiyo ni msururu wa vyumba vya niobi, metali ambayo ikipozwa karibu na nyuzi 271 chini ya sifuri hupitisha umeme bila kuuzuia hata kidogo. Ndani ya kila chumba mawimbi ya redio hucheza mbele na nyuma, na fungu la protoni likiingia wakati barabara hupata teke la mbele. Likiingia kabla au baada, hupata teke la kasoro au hurudishwa nyuma. Kila chumba kimewekewa saa yake kulingana na kasi ya protoni zinapofika pale.

Sasa chumba kimoja kinakufa. Protoni zinapita bila teke, zinafika chumba kinachofuata zimechelewa, zinapata teke la kasoro, zinachelewa zaidi, na mita chache mbele zimetawanyika ukutani. Kwa hiyo vyumba vyote vimebuniwa vifanye kazi chini ya uwezo wao. Kimoja kikifa, jirani wa mbele na wa nyuma wanaongeza nguvu, wanabadilisha saa zao, na mwali unaendelea kwa ratiba mpya. Yote hayo ndani ya sekunde tatu, pamoja na kukisogeza chumba kilichokufa kisiwe kizuizi.

Nikamwambia: hicho ni kinu cha michi mitatu.

Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana, kwenye bwalo lao. Nikamweleza kwamba kwa Kiswahili kinu cha nyuklia na kinu cha kutwangia ni neno moja, na kwamba kwetu wanawake watatu wanaweza kutwanga kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, mmoja unashuka, mmoja uko juu, mmoja unapanda. Mchi haugusani na mchi. Hakuna anayehesabu kwa sauti; kuna wimbo, au pumzi tu. Mmoja akichoka hasemi nimechoka. Anautoa mchi wake, na wawili waliobaki wanarefusha mkono na kubana nafasi, na unga hausimami.

"Wanajuaje?" akauliza.

Sikuwa na jibu zuri. Tukaita kijana mmoja Mwitaliano aliyekuwa anakula peke yake, tukachukua kopo tupu la supu na vijiko vitatu. Nikawafundisha. Mara ya kwanza vijiko viligongana kama panga za sinema. Mara ya nne tukapata mwendo: ta-ta-ta, ta-ta-ta. Watu wa meza za jirani wakageuka. Nikatoa kijiko changu bila kusema. Vijiko viwili vilivyobaki vikakosana, vikagongana, kopo likaanguka. "Sekunde nne," alisema Mwitaliano akiangalia saa. "Kinu kimezima." Wakataka kurudia. Tulirudia mpaka mhudumu wa bwalo akaja kudai kopo lake.

Kuna jambo lingine alilonieleza njiani kutoka bwaloni ambalo bado nalifurahia. Watu hawa wanaoogopa sekunde tatu watakuwa wanaukata mwali wao wenyewe, kwa makusudi, tena na tena, kwa sehemu ya elfu tano ya sekunde kila mara. Vyuma haviwahi hata kuhisi. Lakini katika kimya hicho kifupi wanasikiliza jinsi nyutroni zinavyopungua ndani ya kinu, na kwa hilo wanajua njaa yake iko kiasi gani. Mganga naye humwambia mgonjwa anyamaze kidogo asikilize kifua.

Alasiri tukashuka HADES, maabara iliyo mita 225 chini ya ardhi, ndani ya udongo wa mfinyanzi. Ilianza kujengwa mwaka 1980. Pale wanapima kama udongo ule unaweza kulinda taka za nyuklia kwa muda ambao hakuna lugha iliyowahi kudumu. Nililigusa tabaka la udongo palipoachwa wazi. Lilikuwa laini na la kijivu, kama la wafinyanzi wa kwetu. Nikakumbuka Namtumbo, kule Ruvuma, ambako urani yetu wenyewe iko ardhini, na maneno ya mzee wa Likasi kuhusu deni. Nikaziwasilisha salamu zake pale pale, chini. Mwenyeji wangu hakucheka. Alisema kinu chao cha kwanza, BR1, kiliwaka mwaka 1956 na bado kinafanya kazi, huko juu ya ardhi, na kwamba wageni wengi huuliza kinatumiaje hewa kujipoza. Wachache huuliza elimu ya kukijenga ililipiwa na mawe ya nani. Mwaka 1959 Kinshasa nayo ilipata kinu cha utafiti, cha kwanza Afrika, akaongeza. Kisha lifti ikafika.

Usiku nikampigia bibi. Ana miaka mingi na masikio machache, kwa hiyo nilipiga kelele chumba kizima. Nikamweleza kwamba Wazungu wa huku wana mwali wao, wamemweka ndani, wamemjengea nyumba ya zege, na shida yao kubwa ni asiguse ukuta na asikatishwe. Nikamweleza na michi mitatu. Hiyo aliielewa upesi. Akauliza wanamtoa lini.

Nikamwambia wameanza kumwandaa tangu mwaka 1998, na kwamba sasa wanajenga sehemu ya kwanza tu, ya volti milioni 100. Mwali mzima, pamoja na kinu, hautoki kabla ya miaka ya 2030.

Simu ikawa kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Mimi nilikaa masika mawili," akasema bibi, "nikaona nitazeekea humo."